Mteremko ni bei ya gunia linalofuata: jibu kwa mama wa omena

Swali: "Mwalimu, habari ya siku. Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye mjini Kisumu, na mzigo nautoa ufukwe wa Usenge. Kuna mwenye pikapu ananibebea, lakini bei zake zinanichanganya. Safari ya magunia 12 nililipa shilingi 2,460. Ya magunia 20 nikalipa 3,100. Ya magunia 34 nikalipa 5,720. Nikigawanya, gunia moja linatoka 205, mara 155, mara 168. Naona kama ananikadiria kwa macho. Iko pia matatu inayobeba kwa keria, shilingi 180 kila gunia, basi. Mara nyingi mzigo wangu ni kati ya magunia 12 na 20, ila sikukuu zikikaribia unazidi, na pikapu hujaa kwa magunia 30. Sasa huyu bwana anasema mafuta yamepanda, nichague: aongeze 400 kwa kila safari, au 20 kwa kila gunia. Kijana wangu aliye sekondari alitazama risiti akasema, 'Mama, huu ni mteremko tu.' Nilipomuuliza mlima na magunia ya omena vinahusiana vipi, akanyamaza. Tusaidie sote wawili."

Jibu:

Mama, nianze na lile linalokukera. Mwenye pikapu hakukadirii kwa macho. Bei yake ni ile ile katika safari zote tatu. Nimezipitia namba zako mara mbili kabla ya kuandika hivi, maana kumwambia mfanyabiashara "hujaibiwa" si jambo la kusema ovyo.

Ulichofanya ni kuchukua pesa zote za safari ukazigawanya kwa idadi ya magunia. Huo ni wastani. Wastani una kazi yake, lakini hauonyeshi bei ya gunia ikiwa ndani ya malipo yako kuna pesa ambazo ungetoa hata kama ungepakia gunia moja peke yake. Pikapu ikishawashwa kuja Usenge, mafuta yanaungua, dereva anakula, na siku yake imekwenda. Gharama hiyo haiulizi umebeba magunia mangapi. Ukiigawanya kwa magunia 12, kila gunia linabebeshwa fungu kubwa. Ukiigawanya kwa 20, kila moja linapata fungu dogo. Ndiyo maana 205 ilishuka hadi 155 bila yeyote kugusa bei.

Swali la kumuuliza ni jingine: nikiongeza gunia moja juu ya haya niliyopakia, naongeza shilingi ngapi? Jibu la swali hilo ndilo kijana wako analoliita mteremko.

Mwite akae nawe mezani, mziweke risiti mbili za kwanza sambamba. Kutoka magunia 12 hadi 20 umeongeza magunia 8. Kutoka shilingi 2,460 hadi 3,100 umeongeza shilingi 640. Magunia 8 yaliyozidi yamekula shilingi 640, kwa hiyo kila moja limekula 80. Huo ndio mteremko: shilingi 80 kwa gunia. Angalia kwamba hatukugusa malipo yote, tumeshika nyongeza tu. Zile gharama za kuwasha gari zimo ndani ya risiti zote mbili, na ulipotoa moja kwa nyingine zikafutana zenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo utamu wa hesabu hii ulipo, na ningependa kijana apaone kabla hajashika kanuni yoyote.

Sasa rudini nyuma. Magunia 12 kwa shilingi 80 ni 960. Lakini ulilipa 2,460. Zilizobaki ni 1,500, na hizo ndizo za kuwasha gari. Tuziite kianzio. Risiti ya pili inasema vivyo hivyo: magunia 20 kwa 80 ni 1,600, ukitoa kwenye 3,100 zinabaki 1,500.

Hapa nawaomba mwe waangalifu. Risiti mbili zitakubaliana siku zote, hata kama mtu alizibuni kichwani, kwa sababu kati ya nukta mbili mstari mnyoofu haukosekani. Kwa hiyo risiti mbili hazitoshi kuwa ushahidi. Shahidi ni ya tatu.

Magunia 34 kwa 80 ni 2,720. Ongeza kianzio 1,500, inakuwa 4,220. Wewe ulilipa 5,720. Zimezidi kwa 1,500 kamili.

Namba hiyo mmeshakutana nayo. Umeandika mwenyewe kwamba pikapu hujaa kwa magunia 30. Siku ile ilibidi irudi Usenge kuchukua manne yaliyobaki, na safari ya pili ikatozwa kianzio chake. Mbili za 1,500 ni 3,000, ukijumlisha na 2,720 unapata 5,720, senti haikupotea. Bwana huyo ana bei moja tangu mwanzo, ila hakukueleza kwamba ina sehemu mbili, na risiti yenye jumla peke yake ilikuficha hilo.

Sasa tazama uchungu halisi ulipo. Yale magunia manne ya mwisho yalisafiri kwa shilingi 1,500 na nyingine 320 juu yake, yaani 455 kila gunia. Kama ungepakia 30 kwenye pikapu kwa shilingi 3,900 na kuyatupa manne kwenye keria ya matatu kwa 720, ungelipa jumla 4,620. Ungebaki na shilingi 1,100 mfukoni. Makosa ya namna hii huwapata watu hodari kabisa katika biashara, kwa sababu tukishazoea gari moja tunaona mzigo wote lazima uende nalo.

Tuje kwenye matatu. Matatu haina kianzio. Unaanzia sifuri, na kila gunia ni 180. Pikapu inaanzia 1,500, lakini kila gunia ni 80. Mmoja anakukaribisha bure na kupanda haraka, mwingine anakutoza mlangoni kisha anapanda polepole. Kijana wako achukue karatasi ya grafu, aandike magunia kwenye mhimili wa chini na shilingi kwenye mhimili wa kushoto, achore mistari yote miwili. Ataona mstari wa matatu ukitokea kwenye kona na kupanda kwa ukali, ule wa pikapu ukianzia juu, penye 1,500, na kwenda kwa utaratibu. Mahali fulani inakatana.

Mahali hapo mnaweza kupajua bila kuchora. Pikapu imeitangulia matatu kwa ughali wa shilingi 1,500. Kila gunia unalopakia linapunguza tofauti hiyo kwa 100, maana 180 kutoa 80 ni 100. Itafutika baada ya magunia 15. Hakikisheni: magunia 15 kwa matatu ni 2,700, na kwa pikapu ni 1,500 na 1,200, nayo 2,700. Chini ya magunia 15, panda matatu. Juu ya 15, ita pikapu. Kwa hiyo ile safari yako ya magunia 12 ingekugharimu 2,160 kwa matatu badala ya 2,460.

Kumi na tano hiyo hiyo inafanya kazi na mzigo ukizidi 30. Pikapu ikirudi mara ya pili inaanza upya na kianzio chake, kwa hiyo usiiite irudi mpaka mabaki yawe yamezidi 15. Mzigo ukiwa 40, kumi yaende kwa matatu. Ukiwa 50, pikapu irudi.

Kabla hujaenda mbali na jibu langu, muulize makanga wa ile matatu mambo mawili. La kwanza, keria yake inachukua magunia mangapi? Akisema manane tu, basi ushauri wangu wa kupeleka 14 kwa matatu hauna miguu. La pili, magunia yanatoka vipi ufukweni hadi kwenye matatu? Ukiwa unalipa mkokoteni shilingi 20 kwa gunia, basi mteremko wa matatu si 180 tena, ni 200, na mistari itakatana mapema zaidi. Hesabu zangu zimekubali kwamba 180 inafika mpaka Kibuye bila nyongeza, kama ulivyoandika.

Sasa hili la mafuta. Nimelifurahia swali lako, kwa sababu linafundisha kuliko mazoezi mengi niliyowahi kuyaandika ubaoni.

Akiongeza 400 kwa safari, mstari mzima unanyanyuka bila kubadilisha ukali wake: kianzio kinakuwa 1,900, mteremko unabaki 80. Akiongeza 20 kwa gunia, mstari haubanduki pale unapoanzia, penye 1,500, lakini unakuwa mkali zaidi, 100 kwa gunia. Hesabu ya haraka inasema 400 gawanya kwa 20 ni 20: kwa magunia 20 njia zote mbili ni sawa, chini ya hapo nyongeza ya 20 kwa gunia ni nafuu, juu ya hapo nyongeza ya 400 ni nafuu. Na kwa kuwa mizigo yako mingi ni kati ya 12 na 20, mtu angekuambia chagua ile ya 20 kwa gunia.

Mimi sikuambii hivyo, kwa sababu matatu bado ipo.

Tulinganishe kila pendekezo na matatu. Pikapu ya 1,900 na 80 inakutana na matatu penye magunia 19, maana 1,900 gawanya kwa 100 ni 19. Pikapu ya 1,500 na 100 inakutana nayo penye 18.75, maana 1,500 gawanya kwa 80 (180 kutoa 100), na kwa kuwa gunia halikatwi, ni 19 pia. Kwa hiyo ukichagua lolote kati ya hayo mawili, mzigo ulio chini ya magunia 19 hutampa tena. Nyongeza yake kwenye magunia 12 haikuhusu, kwa sababu hutakuwemo kwenye gari lake siku hiyo. Pendekezo lake litakugusa kuanzia magunia 19 kwenda juu, na huko hali ni tofauti. Kwa 19, nyongeza ya 400 inafanya ulipe 3,420 na ile nyingine 3,400, tofauti ya shilingi 20 tu. Kwa 20 ni 3,500 kote. Kwa 25 ni 3,900 dhidi ya 4,000. Pikapu ikijaa, 30, ni 4,300 dhidi ya 4,500.

Chagua 400 kwa safari. Ila kama matatu huwa inakukosa mara kwa mara na unalazimika kuita pikapu kwa magunia 12, geuza jibu: hapo 20 kwa gunia itakuongezea 240 tu badala ya 400. Wewe ndiye unayejua asubuhi ngapi kwa mwezi matatu hupita ikiwa imejaa. Mimi siwezi kulijua hilo kutoka kwenye risiti.

Mstari huu huu unatumika kwenye faida, ila faida huanzia chini ya sifuri. Tuseme kila gunia likishauzwa linakuachia shilingi 300 juu ya bei uliyolinunulia, kabla ya usafiri. Kwa bei ya zamani ya pikapu, unaanza safari ukiwa umezama kwa 1,500, kisha kila gunia linakuvuta juu kwa 220, yaani 300 kutoa 80. Magunia sita yanakuletea 1,320, bado uko chini ya maji. La saba ndilo linalokutoa kichwa, nalo linakuachia shilingi 40. Magunia hayo hayo saba kwa matatu, ambayo haina kianzio, kila moja linakuachia 120, jumla 840. Soko ni lile lile na omena ni ile ile. Weka namba zako za kweli mahali pa 300 yangu, uone gunia lako la kwanza la faida ni la ngapi.

Kijana, sasa nageukia swali lililokunyamazisha.

Jina linachanganya kidogo kwa Kiswahili, kwa sababu mtu wa kawaida akisema mteremko anawaza kushuka. Katika hisabati neno hilo hubeba kupanda na kushuka, na alama ya namba ndiyo inayotofautisha: chanya ni kupanda, hasi ni kushuka. Wengine husema mwinamo, na si vibaya. Maana yake ni moja: ukisogea mbele hatua moja, umepanda au umeshuka kiasi gani?

Nikuonyeshe mahali nilipoushika kwa mikono yangu. Kanisa moja hapa mjini lina baraza iliyoinuka sentimita 45 kutoka ardhini. Wazee wa kanisa, kwa moyo mzuri, walimwita fundi ajenge njia ya kiti cha magurudumu. Akaijenga kwa zege safi, laini, ikatandaa mita 2 kutoka barazani. Jumapili ya kwanza mama mmoja mwenye kiti cha magurudumu aliletwa kwenye njia ile. Vijana wawili walimsukuma, na kufika katikati magurudumu madogo ya mbele yakainuka hewani. Mama akashika mikono ya kiti kwa nguvu, macho ameyafumba. Walimrudisha chini kinyumenyume, wakambeba kwa ngazi kama zamani.

Baada ya ibada nilipima. Kupanda sentimita 45 ndani ya sentimita 200 ni mteremko wa 0.225: kila mita moja mbele, unapanda sentimita 22 na nusu. Kipimo kinachotumika sana duniani kwa njia za viti vya magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita moja uwe umekwenda mbele 12, kama sentimita 8 kwa kila mita. Ya kwetu ilikuwa kali karibu mara tatu. Fundi aliniuliza basi ilitakiwa iwe ndefu kiasi gani, nikamwambia 45 mara 12, sentimita 540. Mita 5.4. Alitazama uwanja, akatazama lango lililokuwa mita 4 tu mbele yetu, akatikisa kichwa. Suluhisho likawa kuilaza njia sambamba na ukuta, na kuweka mahali tambarare pa kugeuzia kiti. Mama yule sasa anapanda akisaidiwa na mjukuu wake wa darasa la sita, mkono mmoja.

Haya, linganisha. Kwenye baraza: sentimita ulizopanda, gawanya kwa sentimita ulizokwenda mbele. Kwenye risiti za mama yako: shilingi zilizopanda, gawanya kwa magunia yaliyosonga mbele. Ni tendo moja. Tofauti ni kwamba kwenye baraza sentimita zinafutana na sentimita, unabaki na namba tupu, na kwenye risiti vipimo havifanani, kwa hiyo lazima jibu libaki na jina lake: shilingi 80 kwa gunia. Ukiandika 80 peke yake hujasema lolote. Wanafunzi wengi ninaowasahihisha huangusha jina hilo, na wakishaliangusha hawajui tena wamekokotoa nini.

Kosa jingine ni kugeuza juu chini. Ukigawanya 8 kwa 640 utapata 0.0125. Usikimbilie kufuta, isome kwa jina: ni magunia 0.0125 kwa shilingi, yaani shilingi moja inasafirisha kipande kidogo mno cha gunia. Si uongo, ila si swali aliloulizwa mtu. Kinachoamuliwa na mkono wako, magunia, kinakaa chini. Kinachofuata uamuzi huo, shilingi, kinakaa juu. Na ukianza na risiti ya pili upande wa juu, anza nayo na upande wa chini. Ukichanganya utapata hasi 80, na mama atacheka, maana itakuwa na maana kwamba kila gunia analoongeza analipwa.

Mwalimu wako huandika y = mx + c. Sasa unaijua kwa sura. Kwa pikapu ni y = 80x + 1,500. Ile m ni mteremko, ile c ni kianzio. Kwa matatu ni y = 180x, na c ni sifuri. Mahusiano ya aina hii ndiyo huitwa fankisheni za mstari mnyoofu. Kodi ya kibanda cha mama pale sokoni ni mstari pia, ila umelala: auze gunia moja au ishirini, kodi haibadiliki, na mteremko wake ni sifuri.

Wa hasi unaupata ukiondoka ziwani kupanda milimani. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa karibu mita 2,740. Ni kupanda mita 1,610 hivi. Zidisha 1.61 kwa 6.5, unapata kama nyuzi 10 na nusu. Ukitoka Kisumu mchana kukiwa na nyuzi 30, tegemea Timboroa isizidi sana 20, na uvae sweta kabla ya kufika, si baada. Wingu na mvua hubadilisha hesabu ya siku, lakini mstari unakupa mahali pa kuanzia kufikiri.

Mama, kuna jambo la mwisho ambalo nisipolisema nitakuwa nimekupa kisu bila ala. Si kila kitu ni mstari, na hata kilicho mstari hakiendi mbali daima. Mstari wa pikapu yako ni wa kweli kuanzia gunia 1 hadi 30. Kwenye gunia la 31 uliruka juu kwa 1,500. Mtu aliyeziona risiti mbili za kwanza tu angetabiri 4,220 kwa magunia 34, na angekosea, ingawa hesabu yake haina dosari.

Ada ya M-Pesa unapomtumia dereva pesa haifuati mstari hata kidogo. Ni ngazi. Ukituma 1,001 au ukituma 1,500 ada ni ile ile, kisha ukivuka kikomo inaruka. Ukichukua ada mbili na kutafuta mteremko kati yake, utapata namba, lakini namba hiyo haitakusaidia. Kwenye ngazi, kinachofaa kujua ni kingo ziko wapi, usije ukatuma 1,510 ukakanyaga ngazi ya juu kwa ajili ya shilingi kumi.

Na ziwa lenyewe, wewe uliliona. Kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita moja, yakavuka hata kiwango cha juu cha mwaka 1964, na watu wa fukwe wakahama na vibanda vyao. Aliyechora mstari wa miezi ile na kuurefusha miaka mitano mbele angeuona mji ukizama. Maji hayakuendelea kwa mwendo ule, kwa sababu yalisukumwa na mvua kubwa zilizofululiza misimu miwili, na mvua zilipotulia mstari ukakatika. Kabla ya kurefusha mstari wowote, uliza ni nini kinachousukuma, na kama kitakuwepo huko mbele.

Safari ijayo, mwombe mwenye pikapu akuandikie risiti kwa mistari miwili: safari kiasi gani, magunia mangapi kwa bei gani. Akikubali, hutahitaji tena kugawanya chochote ili kujua unalipia nini. Akisita, tunza jumla zake na idadi ya magunia kwenye daftari moja, na kijana achore nukta kila mara. Nukta ikitoka nje ya mstari, mpigie simu siku hiyo hiyo, safari ikiwa bado mbichi kichwani mwake.